PCOS na homoni za peptidi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara (insulini, LH, AMH na wenzake)

Mimi naishi na PCOS, yaani hali ya homoni kuvurugika inayofanya hedhi isieleweke na ovari kuonekana na vifuko vingi, na kilichonisaidia kuliko vyote ni siku nilipoelewa kwamba ovari zangu hazijaharibika, zinatii tu amri, na hizo amri zinazotoka kwenye ubongo na kwenye kongosho ndo zimevurugika. Amri zenyewe nyingi ni homoni za peptidi. Nimekusanya hapa maswali ninayoulizwa na wadada kila mara, nimejibu kama ninavyojibu mtu nimekaa naye. Majibu haya hayachukui nafasi ya daktari wako anayejua historia yako.

Homoni za peptidi ndo nini, si homoni ni homoni tu?

Hapana, zipo za aina mbili kubwa. Peptidi ni mnyororo wa asidi amino, vile vijenzi ambavyo protini zote zinaundwa navyo. Mnyororo unaweza kuwa mfupi kabisa, mfano GnRH inayotoka kwenye ubongo ina asidi amino 10 tu, insulini ina 51, alafu kuna zile ndefu kama LH na FSH, homoni mbili za kuamrisha ovari, ambazo juu yake zimebandikwa na sukari kidogo. Zile tulizozoea kuzisikia, testosteroni, estrojeni, projesteroni, hizo si peptidi, ni steroidi, mwili unazitengeneza kutoka kwenye kolesteroli.

Tofauti yake kwenye kazi ni kwamba steroidi inapenya yenyewe hadi ndani ya seli, ila peptidi haipenyi, inabisha hodi. Inashika kipokezi kilichopo nje kwenye ukuta wa seli, alafu ujumbe unapokelewa na kupelekwa ndani. Hii ndo sababu pia insulini inachomwa na haimezwi, ukiimeza tumbo litaimeng'enya kama protini yoyote ile.

Sasa kwenye PCOS, ndevu, chunusi na nywele za utosini kupungua vinaletwa na steroidi, yaani androjeni (homoni za kiume, hata wanawake tunazo) kama testosteroni. Ila aliyeiamrisha ovari itengeneze androjeni nyingi ni peptidi. Ukipambana na chunusi peke yake bila kumjua aliyetoa amri unarudi palepale kila mwezi.

Insulini inaingiaje hapa wakati mi sina kisukari?

Hili ndo swali ninalolipenda kuliko yote kwasababu ukilielewa hili umeelewa nusu ya PCOS.

Insulini inatoka kwenye kongosho na kazi yake inayojulikana ni kuiambia misuli, mafuta na ini "sukari hii hapa, ichukueni". Kwa wengi wetu wenye PCOS misuli na ini vinakuwa vizito wa kusikia, ndo kinachoitwa usugu wa insulini. Kongosho likiona halisikilizwi halinyamazi, linaongeza sauti, linatoa insulini nyingi zaidi, na kwa miaka mingi sukari yako inaweza kubaki sawa kabisa kwenye kipimo kwasababu kongosho linafanya kazi mara mbili. Unaambiwa huna kisukari, na ni kweli huna, ila insulini kwenye damu iko juu.

Sasa sikiliza hapa. Usugu huu hauko kila mahali. Misuli haisikii, lakini ovari inasikia vizuri tu! Ile sauti kubwa iliyokusudiwa misuli inaifikia ovari ikiwa kali kupita kiasi. Kwenye ovari kuna seli zinaitwa theka, hizi ndo zinatengeneza androjeni zikiamrishwa na LH, na insulini ikija juu ya LH zinasaidiana, androjeni inatoka nyingi kuliko LH ingefanya peke yake.

Na bado. Ini lina kazi ya kutengeneza protini inayoikamata testosteroni kwenye damu, kifupi chake SHBG. Testosteroni iliyokamatwa haifanyi kazi, iliyo huru ndo inafanya. Insulini ikiwa juu ini linapunguza kutengeneza SHBG, kwahiyo hata kama testosteroni yako ya jumla haijapanda sana, iliyo huru inakuwa nyingi. Ndo maana mtu anapimwa anaambiwa "testosteroni yako ni ya kawaida" na huku kidevu kinaota nywele, anaonekana anajitungia. Hajitungii. Waombe wapime na SHBG.

Insulini yenyewe imeanza kujulikana tangu 1921 kule Toronto, lakini uhusiano wake na PCOS ulianza kuandikwa 1980. Karibu miaka sitini katikati hapo wanawake walitibiwa ovari tu.

Ile weusi shingoni na kwapani ni uchafu?

Sio uchafu na usijisugue, tafadhali. Insulini ikiwa nyingi sana inachochea seli za ngozi zikue, ngozi inakuwa nyeusi na nene kama velveti kwenye shingo, kwapa, au chini ya maziwa. Ni ishara ya usugu wa insulini, muonyeshe daktari. Kuna wasichana wamesimangwa kwa hili tangu shuleni na inaniuma kila nikilisikia.

Mi ni mwembamba, mbona na mi ninayo?

Kwasababu PCOS sio ugonjwa wa unene. Wapo wembamba wengi wenye PCOS, na baadhi yao wana usugu wa insulini pia, ila sio wote. Unene unaongeza usugu juu ya ule uliokuwepo, hilo ni kweli, lakini kumwambia kila mwanamke "kapunguze uzito" kisha kumfungulia mlango atoke sio matibabu. Kwa wengine nguvu kubwa inatoka upande wa ubongo, LH, na hapo ndo tunaenda swali linalofuata.

Majibu yangu yanaonyesha LH ni mara mbili ya FSH, maana yake nini?

LH na FSH zote zinatoka kwenye tezi ya pituitari chini ya ubongo, na zote bosi wao ni mmoja, ile GnRH ya asidi amino 10. GnRH haitoki kama bomba lililofunguliwa, inatoka kwa mapigo. Na pituitari inasoma kasi ya mapigo: yakiwa ya haraka, karibu moja kila saa, inatoa LH zaidi, yakiwa ya taratibu inatoa FSH zaidi. Bosi mmoja, amri mbili, tofauti ni kasi tu. (Muundo wa GnRH ulijulikana 1971, na Andrew Schally na Roger Guillemin wakapata Nobeli 1977.)

Kwa mwanamke ambaye yai linapevuka kila mwezi, baada ya yai kutoka projesteroni inapanda na kuuambia ubongo "punguza kasi". Hiyo ndo breki. Kwa mwenye PCOS mambo mawili yanaharibu breki: kwanza yai halitoki kwahiyo projesteroni haipo, pili hata ikiwepo androjeni nyingi inaufanya ubongo usiisikie vizuri. Mapigo yanaendelea mbio mbio, LH inapanda, FSH inabaki haitoshi. LH inachochea androjeni, androjeni inazidi kuziba masikio ya ubongo, inazunguka hivohivo.

Hiyo FSH isiyotosha ndo inayofanya vifuko vya mayai vianze kukua alafu visimame njiani, vingi vikiwa na milimita chache tu, hakuna kinachofika mwisho.

Ila sio lazima uwiano wako uwe mbili kwa moja, wapo wenye PCOS ambao LH na FSH zao zinafanana, na siku hizi uwiano huo hautumiki kutoa jibu la ugonjwa.

Kwahiyo zile "sisti" kwenye altrasaundi sio uvimbe?

Sio uvimbe. Ni hivyo vifuko vidogo vilivyosimama njiani, kila kimoja kina yai. Jina la ugonjwa limewatisha watu wengi bure, limetokana na madaktari wa Chicago, Irving Stein na Michael Leventhal, walioandika 1935 juu ya wanawake 7 wenye ovari kubwa zenye vifuko vingi. Walikata kipande cha ovari na hedhi ikarudi. Hakuna cha kukamua wala kuyeyusha pale, na mtu akikuuzia dawa ya "kuyeyusha sisti za PCOS" jua kabisa anayekuuzia hajui anachouza.

Unaweza pia kuwa na PCOS bila ovari kuonekana hivyo. Vigezo vilivyokubaliwa na wataalamu kule Rotterdam, Uholanzi, 2003 vinataka viwili kati ya vitatu: hedhi isiyoeleweka au yai kutopevuka, dalili au kipimo cha androjeni nyingi, na ovari zenye vifuko vingi, na kabla ya hapo magonjwa mengine yawe yameondolewa.

AMH yangu ni kubwa sana, nifurahi au nilie?

Ndugu yangu, usilie. AMH ni homoni ya peptidi inayotengenezwa na seli za granulosa zinazozunguka mayai kwenye vifuko vidogo, kwahiyo ukiwa na vifuko vidogo vingi AMH inakuwa nyingi, kwa wenye PCOS kwa kawaida ni mara mbili hadi tatu ya wengine. Sio kwamba una sumu. Wanaoipata ndogo ndo wanaoambiwa akiba ya mayai imepungua.

Lakini sio kwamba haina ubaya wowote. AMH inafanya vifuko visiisikie FSH vizuri, na tayari FSH yenyewe ni haba, kwahiyo ni sehemu ya sababu vifuko vimekwama. Na kuna utafiti wa 2018 wa watafiti wa Ufaransa, waliwapa panya wenye mimba AMH nyingi na watoto wao wa kike wakakua na dalili zinazofanana na PCOS, ubongo wao ukatoa GnRH kwa kasi. Hiyo ni panya, sio sisi, lakini imefungua mawazo kwamba huenda mambo yanaanza tumboni kabla hatujazaliwa, na kwangu hiyo ni sababu nyingine ya kuacha kuwalaumu wanawake kwa wanavyokula.

Mwongozo wa kimataifa wa 2023 umeruhusu AMH itumike badala ya altrasaundi kwa watu wazima. Kwa mabinti wadogo hairuhusiwi kwasababu kwao AMH na vifuko vingi ni kawaida ya umri. Na AMH haikuambii ubora wa yai. Na kama unatumia vidonge vya uzazi wa mpango inaweza kushuka, kwahiyo mwambie anayekupima.

Nyongeza ya faraja: AMH inashuka na umri, na wengi wetu hedhi inaanza kuelewekaeleweka tukikaribia miaka arobaini.

Nimesoma kuhusu kisspeptini, ni nini hiyo?

Ni peptidi ya ubongoni inayomwamsha GnRH. Jeni yake iligunduliwa 1996 kule Hershey, Pennsylvania, na jina lilitokana na chokoleti za huko zinazoitwa Kisses, wakati huo walikuwa wanatafuta mambo ya saratani. Mwaka 2003 ndo ikajulikana kwamba kipokezi chake kisipofanya kazi mtoto habalehi. Seli zinazoitoa zinatoa pia neurokinini B inayokanyaga mafuta na dinofini inayokanyaga breki, na hizo tatu kwa pamoja ndo saa inayopiga mapigo ya GnRH. Dawa zinazozuia kipokezi cha neurokinini B zimejaribiwa kwa wenye PCOS na LH ilishuka, testosteroni pia ilishuka, inatia moyo, ila sio tiba ya kuandikiwa leo.

Mbona nasikia njaa sana, ni homoni pia?

Kuna leptini inayotoka kwenye mafuta (iligunduliwa 1994) inayoleta shibe, ghrelini inayotoka tumboni inayoleta njaa, na adiponektini ambayo inasaidia insulini isikike. Ya kushika hapo ni adiponektini, kwa wenye PCOS huwa iko chini hata wakilinganishwa na wenzao wa uzito uleule. Leptini inafuata zaidi mafuta ya mwili. Ghrelini majibu ya tafiti hayalingani. Na insulini iliyo juu nayo inawahimiza mafuta yakae yasitoke. Kwahiyo ukisema una njaa nakuamini.

Na zile sindano za kupunguza uzito, zinatibu PCOS?

Hizo zenyewe ni peptidi, zinaiga GLP-1 ambayo utumbo wako unaitoa ukila. GLP-1 ya asili inadumu kama dakika mbili tu kwenye damu kisha inavunjwa, kwahiyo haiwezi kuwa dawa kama ilivyo. Ya kwanza kusajiliwa ilikuwa exenatidi, 2005, iliyotokana na peptidi ya mate ya mjusi mmoja wa jangwani Marekani, baadaye zikaja liraglutidi na semaglutidi ambayo inachomwa mara moja kwa wiki.

Zinasaidia kongosho litoe insulini sukari inapopanda tu, zinachelewesha tumbo kumwaga chakula, na zinaongea na ubongo kuhusu shibe. Uzito ukishuka insulini inashuka, SHBG inapanda, androjeni huru inapungua, na kwa baadhi ya wanawake hedhi inarudi. Ila hazikusajiliwa kwa ajili ya PCOS yenyewe, zimesajiliwa kwa kisukari na unene, na ukiacha kuzitumia, uzito mara nyingi unarudi. Kichefuchefu na kutapika ndo malalamiko makubwa hasa mwanzoni.

Jambo ambalo halisemwi vya kutosha, na nalisema kwa herufi kubwa moyoni: mwanamke aliyekaa miaka hapati hedhi anaweza kupevusha yai akiwa kwenye hizi dawa bila kujua, akapata mimba, na dawa hizi haziruhusiwi kwenye ujauzito. Semaglutidi inatakiwa iachwe angalau miezi 2 kabla ya kutafuta mtoto. Na tirzepatidi, ambayo ni ya familia hiyohiyo, inaweza kupunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango, unashauriwa kuongeza kondomu au kubadili njia kwa wiki 4 ukianza na kila dozi ikipanda.

Kuna watu wanauza vichupa vya "peptidi za PCOS" mtandaoni, nichukue?

Usichukue. Unga kwenye kichupa ulioandikwa ni wa utafiti tu sio dawa, hujui ndani kuna nini, kiasi gani, wala kama ni safi, na unaenda kujichoma mwenyewe. Sina la kuongeza hapo.

Metformini ni peptidi? Inositoli je?

Zote si peptidi. Metformini inapunguza sukari inayotengenezwa na ini na kusaidia insulini isikike, kwahiyo kongosho linapumzika kidogo. Inasumbua tumbo, muulize daktari kuhusu kuanza na dozi ndogo. Inositoli, ambayo ni kirutubisho cha kuongezea, haina madhara makubwa lakini ushahidi wake ni mdogo, ukitaka kujaribu mwambie daktari. Vidonge vya uzazi wa mpango vinafanya kazi upande mwingine, vinanyamazisha LH na kupandisha SHBG, ndo maana chunusi na ndevu zinapungua.

Na mazoezi, niseme hili, misuli inapofanya kazi inachukua sukari hata bila kusubiri insulini iiamrishe. Hata kama mizani haijasogea kuna kitu kimefanyika ndani.

Nipime nini basi?

Testosteroni na SHBG. Alafu vya kuondoa magonjwa mengine: TSH ya tezi ya shingo, prolaktini (nayo ni peptidi, ikiwa juu inasimamisha hedhi ukadhani ni PCOS), na 17-hidroksiprojesteroni. Kwa upande wa sukari, kile kipimo cha kunywa gramu 75 za glukosi ndo kinachokamata wengi kuliko sukari ya asubuhi peke yake. Insulini yenyewe kuipima sio lazima, vipimo vyake havilingani maabara hadi maabara.

Nitapata mtoto?

Wengi wanapata, wengine bila dawa kabisa. Mayai yapo, tatizo ni amri ya kuyapevusha. Dawa inayoanziwa siku hizi ni letrozoli, na namna inavyofanya kazi imekaa vizuri sana: inapunguza estrojeni kwa siku chache, ubongo unashtuka unaona estrojeni imepungua, unatoa FSH yake wenyewe, na kile kifuko kilichokwama kinapata msukumo kiliokuwa kinaukosa. Ikishindikana kuna sindano za FSH moja kwa moja, lakini hapo lazima ufuatiliwe kwa altrasaundi kwasababu ovari zetu zenye vifuko vingi zinaweza kuitikia kupita kiasi, mapacha au zaidi, au ovari kuvimba na maji kujaa tumboni. Kama unafanyiwa IVF (yai kurutubishwa maabara) waulize wanakukingaje na hilo, kuna njia za kuipunguza hatari na una haki ya kuzijua kabla.

Sitaki mtoto sasa, hedhi haiji miezi mitano, si niko huru tu?

Hapana dada, hili usilichukulie poa. Bila yai kutoka hakuna projesteroni, estrojeni inajenga ukuta wa kizazi na hakuna wa kuubomoa, ukikaa hivyo miaka ukuta unaweza kunenepa vibaya na hatari ya saratani ya kizazi upande wa ndani inapanda. Ikizidi siku 90 bila hedhi nenda, pima kwanza mimba, kisha ongea kuhusu projesteroni ya kuuangusha huo ukuta, au vidonge, au kitanzi chenye homoni.